Kushona kofia ya mlinzi wa Mfalme, tangu kipimo cha kichwa hadi mnyororo wa kidevuni

Kabla hujanunua hata kifungo, muulize mtoto kofia yake ni ya kikosi gani. Atakujibu "ya walinzi wa Mfalme", na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Wale askari wa koti jekundu na kofia ndefu nyeusi unaowaona mbele ya kasri la Buckingham si kikosi kimoja. Ni vikosi vitano, na ukijua pa kutazama utawatenganisha kwa mbali kama unavyomjua jirani yako kwa mwendo wake.

Mimi ni fundi wa nguo. Nilianza na kofia za viua, kwa mkono, Ng'ambo ya Unguja nikiwa msichana. Baadaye nikakaa kwenye cherehani, na huu ni mwaka wangu wa 22 hapa London nikikata mapindo ya suruali za watu na kushona mapazia. Kofia ya manyoya sikuwahi kuishika mpaka Aprili 2023, mjukuu wangu wa miaka minane aliporudi na barua ya skuli. Mfalme Charles alikuwa anatawazwa Mei 6, darasa lao litafanya gwaride uwanjani, na yeye kachaguliwa kuwa mlinzi. Nimeshashona kumi na moja tangu siku ile. Ya kwanza niliiharibu, na nitakueleza nilivyoiharibu, kwa sababu kosa lile linakula kitambaa cha pesa nyingi.

Kwanza kaitazame ya kweli. Kama uko London au unapita, nenda Wellington Barracks, barabara ya Birdcage Walk, hatua chache kutoka kasri. Pale kuna jumba la makumbusho la walinzi, Guards Museum, na kofia utaziona nyuma ya kioo bila kusukumana na mtu. Ukitaka kuwaona wenyewe wamezivaa, zamu mara nyingi hubadilishwa Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili saa tano asubuhi, lakini fika saa nne na uangalie ratiba usiku uliotangulia, maana mvua kubwa inaweza kuifuta shughuli nzima. Mimi husimama upande wa Birdcage Walk, askari wanapotoka kambini. Getini mwa kasri utaona migongo ya watalii tu.

Ya kweli ina urefu wa sentimita 46 hivi kwa mbele na uzito wa karibu gramu 680. Nje ni ngozi ya dubu mweusi wa Kanada na manyoya yake. Ndani, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kuna tenga! Fito nyembamba zimesukwa zikashikilia umbo, kama pakacha lililofunikwa. Nilipoliona nilijua kazi hii naiweza.

Sasa rudi kwenye swali la kikosi, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuambia ununue nini. Tazama kishungi kilichochomekwa ubavuni mwa kofia. Grenadier Guards wana kishungi cheupe, upande wa kushoto. Coldstream Guards wana chekundu, kulia. Irish Guards wana cha buluu, kulia. Welsh Guards wana cheupe chenye mstari wa kijani katikati, kushoto. Scots Guards hawana kishungi kabisa, na mtoto akiwa na haraka mwambie awe Scots, utapumzika na kazi moja. Vikosi vitatu vya zamani vikijipanga mstari mmoja, Grenadier wako ncha ya kulia, Coldstream ncha ya kushoto, na Scots wako katikati yao.

Sikiliza hapa vizuri. Kushoto na kulia ni kwa yule aliyevaa, si kwa wewe unayemtazama. Kofia yangu ya tatu niliishona nikiwa na picha mezani, nikaweka kishungi cheupe upande ule ule nilioona kwenye picha. Mtoto alipoivaa akawa na kishungi cha Grenadier kimekaa kulia, mahali ambapo hakuna Grenadier anayekiweka. Nilifumua usiku ule ule. Tangu hapo kabla ya kuchomeka kishungi naivaa kofia mwenyewe juu ya ushungi wangu, nagusa sikio langu, kisha naweka alama ya chaki.

Koti nalo linasema. Vifungo vya kifuani kwa Grenadier vimepangwa kimoja kimoja, Coldstream viwili viwili, Scots vitatu vitatu, Irish vinne vinne, Welsh vitano vitano. Huo ndio mpangilio wa heshima yao, wa kwanza hadi wa tano. Coldstream wanasimama wa pili ingawa walianza 1650 na Grenadier walianza 1656, kwa sababu waliingia baadaye katika utumishi wa ufalme, na kaulimbiu yao ya Kilatini, *Nulli Secundus*, maana yake ni kwamba si wa pili kwa yeyote. Irish walikuja 1900 na Welsh 1915. Kwenye kola ukipata nafasi darizi alama: bomu linalowaka moto kwa Grenadier, nyota kwa Coldstream, ua la mbaruti kwa Scots, jani la vipande vitatu kwa Irish, na kwa Welsh kitunguu cha majani, kile kirefu cheupe. Mjukuu wangu alichagua Welsh kwa ajili ya kitunguu hicho.

Na kama mzazi mwenzio atakuletea picha ya kofia fupi ya manyoya yenye mfuko mwekundu unaoning'inia ubavuni, usianze kukata. Hiyo ni ya wapanda farasi wa mizinga, King's Troop, ni kofia nyingine na kipimo kingine.

Haya, tuingie kazini. Vipimo vyangu ni vya mtoto wa miaka minane mwenye kichwa cha sentimita 53. Pima juu ya nyusi na nyuma pale kisogo kinapotokeza. Urefu nimeupunguza hadi sentimita 28 mbele na 24 nyuma. Ukimpa mtoto zile 46 atakuwa kofia inayotembea, na shingo yake itaumia.

Anza na tenga. Nilijaribu kadibodi kwanza. Ilikuwa nzito, na mtoto akitoka jasho inalegea. Nunua henzerani nyembamba, ya milimita 3, zinauzwa kwa wanaosuka vikapu. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, zitakunjika bila kuvunjika. Tengeneza pete ya chini ya sentimita 55, yaani kichwa na mbili za nafasi, ncha zipandane sentimita 5 na uzifunge kwa uzi uliopakwa nta. Pete hiyo ibonyeze iwe ya yai, ndefu kutoka paji la uso kwenda kisogoni, kwa sababu kichwa cha mtu si duara. Pete ya pili, ya sentimita 66, ikae katikati ya kimo. Hapo ndipo kofia inapotanuka. Ya tatu, ya sentimita 50, ikae juu. Kisha simamisha fito sita zikiziunganisha pete hizo, za mbele ndefu, za nyuma fupi. Funga kila mahali zinapokutana, na ncha zote zielekee nje, kamwe zisielekee kichwani. Acha ikauke usiku kucha.

Asubuhi lifunike tenga kwa kaniki au kitambaa chochote cheusi cha pamba. Kisiwe cheupe, manyoya yakifunuka kwa upepo weupe utachungulia. Ila juu kabisa, katikati ya pete ya tatu, usifunike. Pale pana kazi ya kupitisha hewa. Juni 2023, katika mazoezi ya gwaride mbele ya Mwanamfalme William, joto lilifika karibu nyuzi 30 na askari walianguka wakazimia, watu wazima wenye mafunzo. Mtu akisimama tuli muda mrefu kwenye joto, damu inabaki miguuni, na kofia ya manyoya haisaidii. Mtoto wako atasimama uwanjani na wenzake, mwachie kichwa kipumue.

Ndani ya tenga weka kofia ndogo. Hapa mikono yangu ilirudi Ng'ambo yenyewe: ukanda wa pembeni wa kimo cha sentimita 8, na juu badala ya kuushonea kipande cha duara kama tunavyofanya kwenye kofia ya viua, nakunja pindo na kupitisha kamba. Ukanda unashonwa kwenye pete ya chini. Ukivuta kamba, kofia inakaa juu zaidi, ukiilegeza, inashuka. Mtoto akikua mwakani hutaanza upya. Na uzito wote unabebwa na utosi, haubebwi na masikio. Ukiruka hatua hii kofia itazunguka kichwani kila akigeuka.

Sasa manyoya, na hapa ndipo nilipolia mara ya kwanza. Nunua manyoya ya bandia meusi yenye urefu wa sentimita 6 au 7. Kitambaa huwa na upana wa sentimita 150. Chukua urefu wa sentimita 60 na utapata kofia mbili. Pitisha kiganja juu yake. Upande mmoja kiganja kinateleza, upande mwingine manyoya yanasimama na kukataa. Manyoya lazima yalale kuelekea chini, kutoka utosini kuja machoni, kama nywele zinavyoanguka. Geuza kitambaa, na upande wa nyuma chora mshale mkubwa wa chaki unaoelekea huko yanakolala. Mshale kwanza, kipimo baadaye.

Chora ukanda wa upana wa sentimita 70 na kimo cha 33. Makali ya juu yapinde, ncha mbili zitakazokutana kisogoni zipungue sentimita 4. Halafu chora yai la sentimita 20 kwa 17 na nusu kwa ajili ya juu. Kata kwa wembe. Siyo mkasi! Mkasi unakata ngozi ya kitambaa pamoja na manyoya yaliyo chini yake, na ukifunua utakuta kofia yako ina upara kila mahali palipopita mshono. Ndivyo nilivyoiharibu ya kwanza, nusu mita nzima. Inua kitambaa kidogo kutoka mezani, pitisha ncha ya wembe upande wa nyuma tu, kata ngozi peke yake, kisha vuta vipande taratibu viachane. Manyoya yatatengana yenyewe kama nywele unapochambua njia ya kusuka. Kata nje au bafuni, na funga kitambaa puani. Yale manyoya madogo yanaruka na yanakohoza.

Kwenye makali ya juu ya ukanda shona mikunjo sita ya pembetatu, kila mmoja ule sentimita 2 na nusu, ili mdomo wa juu ulingane na yai. Unganisha ncha mbili ziwe bomba, mshono ukae nyuma. Kila ukishona, yasukume manyoya ndani kwa kitana kabla ya kubana, na tumia vibanio vya nguo, pini zinapotea humo na utazikuta kichwani mwa mtoto. Sindano namba 100, hatua ya milimita 4. Cherehani yako ikikataa unene, shona kwa mkono na uzi wa mara mbili. Kofia zangu mbili nzuri kuliko zote ni za mkono. Ukishamaliza geuza, chukua sindano nene na uyachomoe manyoya yaliyonaswa kwenye mshono, moja moja kwa upole. Kazi hii inachukua saa nzima na usiifupishe. Ikifanywa vizuri, jicho halioni kofia imeunganishwa wapi.

Visha tenga. Makali ya chini ni mapana kuliko pete, basi pitisha uzi, yavute yajikusanye sawasawa pande zote, kunja sentimita 3 kuingia ndani na ushone kwenye ule ukanda wa kofia ndogo. Kisha chana. Brashi ya mbwa yenye meno ya chuma inafanya kazi kuliko ya nywele. Usikaribishe pasi wala mashine ya kukaushia nywele, manyoya ya bandia yanayeyuka na kujikunja, na yakishajikunja hakuna dawa.

Watu huniuliza kama ninaona raha kumwiga dubu. Naona raha kwamba ni bandia. Kwa jeshi, kwa kawaida dubu mmoja hutoa kofia moja, na Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilieleza kuwa bei ya kofia moja ilifika pauni 2,040 mwaka 2023. Uingereza yenyewe ilipitisha sheria mwaka 2000 ya kupiga marufuku ufugaji wa wanyama kwa ajili ya manyoya, lakini ngozi kutoka nje zinaingia. Wanaotetea wanyama wameleta manyoya ya bandia yajaribiwe, zaidi ya watu laki moja walitia saini ombi, na Julai 2022 likajadiliwa Bungeni. Jeshi linajibu kwamba bandia haijafikia ngozi ya dubu katika kuhimili mvua na kubaki na umbo. Mimi niliiacha kofia yangu moja nje kwenye manyunyu kwa saa moja, nikaipima kwenye mizani ya jikoni: iliingia na gramu 310 kavu, ikatoka na 520, na manyoya yameshikana kama paka aliyetumbukia kisimani. Kwa hiyo naelewa wanachosema. Hata hivyo ninaamini mafundi wakipewa nia na muda watakipata kitambaa, na ningependa nikione kabla macho yangu hayajachoka. Wewe lakini jua hili: siku ya gwaride ikinyesha, beba mfuko wa plastiki.

Mtoto atakuuliza imetoka wapi kofia hii, na ni haki yake kujua. Zamani kulikuwa na askari warefu, wenye nguvu, ambao kazi yao ilikuwa kurusha mabomu ya mkono. Ndio walioitwa grenadier. Kofia ya ukingo mpana iliwazuia mkono na bunduki ya begani, wakapewa isiyo na ukingo, ndefu, iwafanye waonekane wakubwa zaidi mbele ya adui. Mwaka 1815 huko Waterloo, kikosi cha kwanza cha walinzi wa Uingereza kiliwarudisha nyuma walinzi wa Napoleon, na baada ya hapo kikapewa jina la Grenadier na kofia ya manyoya ikawa yake. Vikosi vingine viwili vya zamani, Coldstream na Scots, viliipata katika miaka ya 1830.

Kishungi nakifanya kwa uzi wa sufu. Zungusha uzi mara 60 kwenye kipande cha kadibodi cha sentimita 10, funga chini, kata juu, chana mpaka ufumuke. Cha Welsh nakifanya kwa vifundo vitatu juu ya kijiti cha henzerani: cheupe, kijani, cheupe. Kichomeke kati ya tenga na kaniki kupitia tundu dogo, kisha kishone kwa ndani. Kisichomoze juu ya kofia. Kinakaa ubavuni, kimelala ndani ya manyoya, na nusu yake hivi ndiyo inayoonekana.

Mnyororo ndio wa mwisho, na usiufanyie mchezo. Wa kweli ni wa chuma, pete ndani ya pete. Mimi naweka utepe mweusi wa upana wa sentimita 1 na nusu, juu yake nashonea mnyororo mwepesi wa mkoba wa rangi ya dhahabu. Upande mmoja naushona moja kwa moja kwenye pete ya chini. Upande wa pili naweka kibanio cha kunata, kile cha viatu vya watoto, ili watoto wenzake wakivuta au kofia ikinasa kwenye tawi, uachie mara moja. Usitumie fundo, usitumie lastiki inayobana koo.

Mtoto asiuweke chini ya taya. Angalia picha yoyote: mnyororo wa mlinzi unapita juu ya kidevu, chini kidogo ya mdomo wa chini. Pima hapo akiwa amefunga mdomo, kisha mwambie aseme jina lake lote. Kama mnyororo unapanda mdomoni ni mfupi, ongeza sentimita moja.

Kumvisha, weka kofia mbele kwanza, ukingo ufike juu ya nyusi na manyoya yaguse kope kidogo, halafu ishushe nyuma. Wetu tumezoea kuisukuma kofia nyuma ili uso uonekane. Hii inakataa, inaangukia kisogoni. Akilalamika kwamba haoni mbele, legeza au kaza ile kamba ya utosini, usiisogeze kofia. Mwambie asimame wima, ainue kidevu kidogo, atazame mbali. Kisha atembee kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi bila kuishika. Mjukuu wangu alifanya hivyo mara nne, ya nne akageuka kwa kisigino, na kofia ikageuka naye.